Udongo wa Chini ya Dungu

Harufu ya mdomo wa mtoto wa mbwa ni ya maziwa yaliyoanza kuchacha, na ndani yake kuna kitu kingine kama nyasi mbichi zilizotafunwa. Nilidhani nimeisahau. Kisha siku moja, katika mwaka wangu wa mwisho chuo kikuu, rafiki yangu Neema, aliyekuwa akisomea utabibu wa mifugo, aliingia chumbani kwangu na boksi la viatu. Alipofunua kifuniko, kabla sijaona kilichomo, nikawa nimesharudi shambani kwetu Kitomanga. Nina miaka tisa, nimepiga magoti chini ya dungu, na mdogo wangu Hawa yuko kando yangu, anacheka huku amejiziba mdomo ili mama asisikie.

Jicho la kushoto la Hawa halioni. Lilikufa mwaka ule ule wa vicheko, na kwa muda mrefu niliamini kuwa mimi peke yangu ndiye ninayejua ukweli wake. Neema ndiye aliyenionyesha kwamba hata mimi nilijua nusu tu.

Baba alilima muhogo, ufuta na korosho, na adui yake alikuwa nguruwe pori. Mtu akiiba muhogo anachukua anachokitaka, anaondoka. Nguruwe anafukua tuta zima, anakula mizizi miwili, mingine anaiacha imevunjika juani. Baba alijaribu kupiga madebe. Akajaribu kuwasha mioto pembezoni, na kutundika nguo zake zenye jasho kwenye miti. Mwishowe alikwenda kwa Mzee Kosmas, jirani yetu wa shamba, Mmakonde na Mkristo, akarudi na mbwa jike mwekundu, mwenye sikio moja lililochanika. Akampa jina la Watasema, kwa kuwa alijua kijijini watasema.

Walisema kidogo tu, wakanyamaza, kwa sababu Maalim wetu wa madrasa alieleza kwamba mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa. Aliyebaki na neno ni mama. Mama alitoka Kilwa Kivinje, katika nyumba iliyojiona imeshika dini kuliko sisi watu wa bara, na alimwambia baba kwamba mbwa huyo akae huko huko shambani, asitie mguu nyumbani. Baba akakubali. Kwa hiyo tulikuwa na mbwa, na nyumbani kwetu hakukuwa na mbwa. Maneno hayo mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, na hakuna aliyeona tatizo.

Mzee Kosmas alipopita kuja kumwona mbwa wake wa zamani, hakuacha utani.

“Ninyi Wamwera mnaogopa mate ya mbwa kuliko meno ya nguruwe.”

“Na ninyi Wamakonde,” baba akamjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye jembe, “nguruwe wenyewe wakiwaona wanakumbuka sufuria.”

Walicheka mpaka Mzee Kosmas akakaa chini. Hawa aliniuliza kwa nini nguruwe akumbuke sufuria. Nikamwambia atajua akikua. Nilipenda sana kumwambia hivyo, maana mambo mengi hata mimi sikuyajua.

Jambo moja nililijua vizuri, nalo ni sheria ya mbwa. Maalim alitufundisha kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, na katika hizo saba moja iwe kwa udongo safi. Alipouliza tena wiki iliyofuata, mimi ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza. Nilikuwa mwanafunzi wake mzuri kuliko wote, na mwaka ule alikuwa amekwisha nichagua kusoma kwenye Maulidi, mbele ya kijiji kizima, msichana mdogo kuliko wote waliowahi kupewa nafasi ile. Mama alikuwa ameshaninunulia kitambaa cheupe.

Wiki za kulinda mazao tulihamia shambani. Tulilala kwenye kibanda, na mchana tulikaa kwenye dungu, jukwaa la miti lililosimama juu ya nguzo nne, lenye paa pana la makuti, ambapo mlinzi hukaa aone shamba lote. Chini ya dungu palikuwa kwake Watasema. Alizaa pale mwaka uliotangulia, na mwaka huo akazaa tena, watoto watano. Tulikatazwa kuwagusa, lakini mama alikatazia kibandani, na dungu lilikuwa mbali na kibanda.

Walipofungua macho, hatukuweza tena kujizuia. Aliyeanza ni mimi. Nasema hivyo kwa sababu miaka mingi nilijaribu kukumbuka kuwa ni Hawa. Nilimpakata mmoja, mweusi mwenye miguu myeupe, akaniramba kidevu, na nikahisi joto la tumbo lake kubwa, gumu kama mpira uliojazwa. Hawa alikuwa na miaka sita. Alisimama nje ya kivuli, mikono nyuma, akiogopa dhambi.

“Tutaosha,” nikamwambia. “Ukiosha mara saba inatoka yote. Maalim kasema.”

Ndipo akaja kupiga magoti.

Sasa maji. Kisima kilikuwa bondeni, na dumu moja lilitakiwa litoshe kupikia, kunywa na kutawadha. Sabuni hatukuwa nayo shambani. Maduka ya kijijini yalikuwa yameanza kujaa vitu. Watu wazima walisimulia miaka ya foleni kana kwamba ni ugonjwa uliopita, na sabuni zilipangwa rafuni za kijani, za waridi, za manjano. Lakini kwetu sabuni ilikuwa ya sare za shule na ya kuogea Ijumaa. Nikatengeneza utaratibu wangu. Niliiba maji kwenye kopo, kiasi cha vikombe viwili, na nikayagawa mara saba kwa uangalifu mkubwa, tone kwa tone, nikihesabu kwa sauti. Mara sita kwa maji. Ya saba, kwa kuwa maji yalikuwa yamekwisha, tulisugua kwa udongo wenye unyevu kidogo, kiganja na kiganja, katikati ya vidole, na juu ya kidevu cha yeyote aliyerambwa. Kisha tulijipangusa kwenye magauni.

Maalim alisema udongo uwe safi, na hilo nililichukulia kwa uzito. Niliutafuta. Udongo wa njiani ulikanyagwa na kila mtu. Wa matutani ulikuwa na mizizi na wadudu. Wa karibu na kibanda ulikuwa na majivu na maganda. Nilizunguka shamba lote, na mwishowe nikaupata pale pale, chini ya dungu. Ulikuwa wa kijivu, mlaini kama unga uliochungwa, haukuwahi kunyeshewa, ila kivuli kiliuachia unyevu kidogo. Haukuwa na jani wala kinyesi. Nilimwona Watasema kwa macho yangu akiwalamba watoto wake na kukila kila walichokitoa, mpaka pakawa pamefagiwa. Nikasema moyoni kwamba hata mbwa anajua usafi. Nikajaza kopo zima, nikalifunika kwa jani la mgomba, nikaliweka nyuma ya nguzo. Kila siku tulipomaliza kucheza tulilifunua.

Kisha tulipanda juu na kula muhogo wa kuchoma kwa mikono ile ile. Hawa alikuwa na tabia ya kulamba vidole baada ya kula, kimoja kimoja, na cha gumba mwishoni.

Siku moja katika wiki zile alikuja bwana mifugo. Zamani alikuwa wa serikali, akizunguka vijijini kwa baiskeli na sanduku la chanjo. Mwaka ule alikuwa amepunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi, na alikuwa amefungua duka dogo kijijini la dawa za mifugo, mbegu na misumari. Alikuja kumwambia baba kuhusu salfa ya kupulizia mikorosho. Alipoinama chini ya dungu kukwepa jua, akawaona watoto wa mbwa, akamshika mmoja, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili.

“Hii si shibe, ni minyoo. Wanazaliwa nayo, kutoka kwa mama yao. Dawa ninayo dukani, ya hawa na ya mama yao.”

Baba alicheka kwa upole. “Bwana mifugo, watu wenyewe hawajanywa dawa, mbwa atangulie?”

Yule bwana alimrudisha mtoto chini, akatabasamu kama mtu aliyechoka kubishana. Zamani, alipokuwa na kofia ya serikali, angetoa amri. Sasa alikuwa mwenye duka, na kila alichoshauri kilionekana anakiuza. Alinawa mikono kwa maji ya dumu, na nakumbuka aliuliza kama tuna sabuni. Mimi nilikuwa juu ya dungu, nasikia yote. Niliona minyoo ya mbwa ni ya mbwa. Jambo letu lilikuwa mate, na mate tulikuwa na dawa yake.

Mavuno yakaisha, tukarudi nyumbani. Watoto wa mbwa walikua wakawa mbwa. Miezi ikapita, na sikukumbuka lini hasa Hawa alianza kumimina chai nje ya kikombe. Mama alimkaripia kwa uzembe. Akaanza kugonga bega la kushoto kwenye mlango, mlango ule ule aliopita tangu alipojifunza kutembea. Akaanza kunitazama akiwa ameinamisha kichwa upande, kama kuku anavyotazama punje. Nilimwiga, tukacheka wote. Kisha jicho la kushoto likaanza kuvutwa nje, na watoto wa jirani wakamwita Makengeza. Hawa akasema hajali, kwa sababu hakuwa anajiona.

Aliyegundua ni mimi. Alikuwa amekaa kizingitini wakati wa alasiri, jua likimpiga usoni, na ndani ya mboni nyeusi ya jicho lile palikuwa na weupe, mdogo, kama ukucha wa mtoto mchanga. Nilimwambia afumbe jicho la kulia aniambie ninanyoosha vidole vingapi. Akafumba. Akasubiri. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Umenyoosha?”

Tulikwenda hospitali Lindi, mama, Hawa na mimi, kwa sababu Hawa alikataa kwenda bila mimi. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ndogo. Alimwangalia Hawa kwa taa muda mrefu, akazima, akawasha tena. Alituambia kwamba ndani kabisa ya jicho, pale pa kuonea, kuna kovu. Hakuna aliyempiga? Hakuna. Hakuchomwa na kijiti? Hapana. Akaandika. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, “Nyumbani mna mbwa?”

Mama alijivuta akakaa wima, akajifunika vizuri ushungi wake.

“Hapana, baba. Nyumbani kwetu hakuna mbwa. Sisi ni Waislamu.”

Daktari akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akaendelea na swali jingine. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, miguu haifiki chini. Nilimtazama Hawa, naye akanitazama kwa jicho lake zima.  Mkubwa alikuwa amejibu, na alichojibu kilikuwa kweli.

Jicho la kulia litabaki zima, daktari alisema, na akatupa matone ya kutuliza wekundu. Lile jingine tusilitarajie.

Lakini lile swali lilimfuata mama njia nzima. Nililiona likifanya kazi usoni mwake. Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alimsimamisha Hawa uani, akamwinua kidevu.

“Uliwashika watoto wa Watasema?”

Hawa hakujua kusema uongo. “Niliwashika. Lakini niliosha, mama. Mara saba, na udongo.”

“Ungeosha, jicho lisingekuwa hivi.”

“Niliosha.”

“Mtoto wa miaka sita anajua wapi kuosha mara saba? Unaongezea uongo juu ya najisi?” Mama alikuwa akitetemeka. Leo najua ilikuwa hofu, lakini wakati ule niliona hasira tu. Akanigeukia. “Wewe ndiye uliyekuwa naye. Ulimwona akiosha?”

Hawa aligeuka pia. Ilimbidi azungushe kichwa chote, kwa sababu nilikuwa upande wake wa kushoto. Uso wake ulikuwa umetulia. Alijua nitasema.

Nilifikiria kitambaa cheupe. Nilifikiria Maalim akisikia kwamba msomaji wake wa Maulidi alipakata mbwa kila siku ya wiki zile. Haikuwa hesabu ndefu.

“Sikumwona,” nikasema.

Mama hakumpiga sana. Fimbo tatu au nne, za miguuni, na baada ya hapo alimkumbatia akalia naye. Kilichobaki hakikuwa fimbo. Kilichobaki ni kwamba tangu siku ile jicho la Hawa lilikuwa na sababu, na kila aliyeuliza aliambiwa sababu ile ile: alichezea mbwa, hakuosha, akasema uongo. Shangazi zangu waliambiwa. Walimu waliambiwa. Akina mama waliwaonyesha watoto wao jicho lile kama funzo. Kwa wiki kadhaa Hawa aliendelea kusema aliosha. Kisha akawa anasema kwa sauti ndogo. Kisha akaacha.

Baba alimrudisha Watasema kwa Mzee Kosmas, na wale mbwa watano, wakubwa sasa, kila mmoja alichukuliwa na mwenye shamba lake, huyu Kitomanga, yule ng’ambo ya bonde. Mwaka uliofuata nguruwe walimaliza muhogo wetu.

Nilisoma kwenye Maulidi. Sauti yangu haikukwama hata mahali pamoja. Walinirushia marashi, na wanawake walipiga vigelegele, na Hawa alikaa mbele kabisa akiwa ameinamisha kichwa upande ili aniweke kwenye jicho lake zuri. Alipiga makofi kabla ya wenzake.

Wenzangu wa chuo walinizoea kama mtu wa kuhoji. Nilimhoji mhadhiri, nilimhoji shehe, niliwahoji wanasiasa waliokuja kutuambia kwamba soko huria litatunyoosha, na niliwahoji vivyo hivyo waliosema litatumaliza. Walidhani ni elimu. Mimi najua ilianza uani kwetu, siku nilipoona watu wazima, wenye akili na imani, wakijenga ukweli mzima juu ya neno moja la mtoto mwoga. Nikajiuliza ni kweli ngapi nyingine zimesimama juu ya msingi kama ule. Bado najiuliza. Ila kuhoji kila kitu kulinisaidia pia kukwepa kitu kimoja.

Ndiyo maana siku ya boksi la viatu ilinikuta sina pa kukimbilia. Neema aliniambia naweza kumpakata yule mtoto wa mbwa aliyekuwamo, ila baadaye ninawe kwa sabuni, na kwamba watoto wa mpishi wa bweni wasiachwe kuchezea mchanga pale atakapokuwa akinya, hata akianza dawa leo. Nikamuuliza kwa nini, kama kawaida yangu. Akanieleza kama kawaida yake, taratibu, akichora kwenye karatasi.

Kuna minyoo mirefu ya mviringo, akasema, karibu kila mtoto wa mbwa anazaliwa nayo au anaipata kwenye maziwa ya mama yake. Mayai yake yanatoka na kinyesi, hayaonekani kwa macho, na yakitoka hayana nguvu bado. Yanahitaji kukaa ardhini wiki kadhaa yapevuke, na pakiwa na kivuli yanaweza kukaa humo miaka. Kwa hiyo mtoto anayerambwa na mbwa si yule wa kuhofia zaidi. Wa kuhofia ni mtoto anayekula na mikono yenye udongo. Yai likifika tumboni mwa mtu, linaangua kinyoo ambacho hakijui kiko wapi. Mtu si mbwa, hakiwezi kukua. Kinatangatanga mwilini. Mara nyingi kinafia njiani na mwenyewe hajui lolote. Mara chache kinafika kwenye jicho.

“Jicho moja au yote?” nikauliza.

“Kwa kawaida moja,” akasema Neema, akiendelea kuchora.

Nilimhoji kwa saa nzima. Nilitafuta tundu la kutokea na sikulipata. Sina kipimo cha damu ya Hawa ya wakati ule, na Neema mwenyewe alinionya kwamba makovu ya jicho yana sababu nyingine pia, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini naijua kazi ya mikono yangu. Maalim alisema udongo safi, na hakukosea. Aliyekwenda kuuchota mahali mbwa alipozalia miaka miwili mfululizo ni mimi. Hawa aliosha. Ni kuosha kwenyewe kulikomponza.

Ningeweza kukaa na hilo pia, kama nilivyokaa na lile la kwanza. Lakini Hawa alikuwa ameolewa Mtama, ana mtoto wa kiume anayeitwa Abdu, ambaye ndio kwanza ameanza kutembea, na katika barua ya mwisho aliniandikia kwamba mume wake amepata mbwa wa shamba, na mbwa huyo amezaa chini ya ghala, na Abdu habanduki pale.

Nilifika Mtama asubuhi. Mama alikuwa akiishi nao tangu baba afariki. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba huku akinitazama nilivyokonda, na kabla sijaketi nilimwona Abdu amechuchumaa kwenye kivuli cha ghala, kidole mdomoni. Nikaenda nikamnyanyua.

Sehemu rahisi niliimaliza kabla ya adhuhuri. Nilimweleza Hawa habari ya minyoo kama Neema alivyonieleza, bila kutaja jicho. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu mwenye mtoto. Akaita mume wake, wakazungusha miti kuziba chini ya ghala. Akaniambia twende kwa muuza dawa za mifugo, tukarudi na dawa ya watoto wa mbwa na ya mama yao, na maelekezo ya kurudia. Abdu akasuguliwa kwa sabuni mpaka akalia. Nilitaka kuamini kwamba nimekwisha maliza.

Baada ya sala ya alasiri tulikaa ukumbini watatu, mama akimenya muhogo, Hawa akimnyonyesha mwanawe. Hawa akasema, bila uchungu, kwamba laiti na yeye angekatazwa hivi alipokuwa mdogo, au angesikia alipokatazwa.

Ndipo nikasema. Nilisema yote: nani alianza kumpakata mbwa, maji ya kopo, nguzo, udongo niliouchagua, na uani, na neno langu moja. Kisu cha mama kilisimama. Nilipomaliza, alikuwa wa kwanza kusema, na hakusema nilichokitarajia.

“Daktari aliniuliza,” akasema. “Nikaona haya mbele ya watu. Nikamwambia hatuna mbwa.” Alitazama muhogo mkononi mwake. “Nilijua anauliza nini. Nikachagua haya zangu.” Kisha, jambo ambalo sikuwahi kusikia mzazi wa kwetu akimwambia mwanawe, akasema, “Hawa, mama, nisamehe. Ulisema kweli nikakupiga.”

Hawa alikuwa amezungusha kichwa kututazama, kwanza mama, kisha mimi. Uso wake haukuwa na ghadhabu wala nafuu. Ulikuwa umechanganyikiwa.

“Hapana,” akasema. “Mbona sikuosha.”

“Uliosha, Hawa.”

“Dada, mimi ndiye mwenyewe. Nakumbuka. Nilicheza nao, nikakimbilia kula. Mlikuwa mkiniita. Nakumbuka kabisa sikuosha.”

 Katika yote niliyoyahesabu usiku na mchana tangu siku ya Neema, hilo sikulihesabu. Nilidhani nilimnyang’anya Hawa mtu wa kumwamini. Kumbe nilikuwa nimeingia ndani yake nikahamisha vitu. Nilipomwambia mama kwamba sikumwona, Hawa mwenyewe, taratibu, mwaka baada ya mwaka, alikuwa ameacha kujiona. Na mimi, nisiyekubali jambo bila ushahidi, sikuwa na ushahidi wowote wa kumpa isipokuwa kumbukumbu yangu, ambayo tayari iliwahi kudanganya mara moja mbele yake.

“Ulikunja mikono ya gauni,” nikasema. “Gauni la bluu, lililokuwa langu. Ulikuwa ukiniambia nimimine polepole maji yasimwagike.”

 Abdu alikuwa ameachia ziwa, amelala.

“Ulikuwa ukihesabu nami. Ukifika nne ulikuwa unaruka kwenda sita, nikikwambia urudie, unarudia tangu moja.”

“Tangu moja?” akauliza Hawa.

“Tangu moja. Maji yalikuwa yanatuishia kwa sababu hiyo.”

Alimhamisha mtoto kwenye paja la pili. Aliinamisha kichwa upande, akaniweka kwenye jicho lake la kulia, na alinitazama hivyo kwa muda, kama mtu anayetazama sura ya ndugu asiyemfahamu, akitafuta mfanano.

“Sikumbuki,” akasema. “Lakini nisimulie tena. Anza pale tulipopiga magoti.”

Mama akaweka kisu chini. Nami nikaanza.